Nailipia Simu Inayonitangaza

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimesimama dirishani na kikaratasi kilichokunjwa mkononi, natetemeka kama mwizi wa kuku. Kikaratasi kile kilikuwa na jina la Yolima Carreño.

Kwa aliyechelewa kunifahamu: mimi ni Libardo Gualdrón, muuzaji wa viatu vya kike katika kiwanda cha doña Stella Mantilla, mtaa wa San Francisco, hapa Bucaramanga. Yolima ndiye mhasibu wetu. Ni mjane, ana ulimi kama wembe, na nimempenda tangu siku alipoingia na mashine yake ya kujumlishia kwapani. Kwa muda wote huo sijawahi kumwambia neno zaidi ya "risiti hii hapa, doña Yolima".

Ilikuwa Septemba, na kama ofisi zote za Colombia mwezi huo, tulikuwa tunacheza rafiki wa siri. Unachomoa jina mfukoni, kisha unamwekea mwenye jina vitamu mezani bila kujulikana, mpaka Jumamosi mnapofichuana kwa keki na muziki. Mimi nilichomoa jina la doña Stella. Muuzaji mwenzangu, Fredy Pinzón, alichomoa la Yolima. Kubadilishana ni marufuku na kila mtu hubadilishana. Ilinigharimu bakuli mbili za supu ya mute, ile nzito ya mahindi na utumbo, na Fredy alizinywa polepole ili aniangalie nikiteseka.

Mtakumbuka pia kwamba nilipoteza oda kubwa ya mteja wa Cúcuta kwa sababu niliisoma barua pepe yake kesho yake. Doña Stella hakunifokea. Alinifanyia kibaya zaidi: alinipeleka dukani, nikanunua simu ya kisasa kwa hela yangu, na huduma ya kulipia kila mwezi juu yake.

Huduma yenyewe iko hivi. Barua ikitumwa tu, inakuingilia mfukoni hapo hapo, huna haja ya kuitafuta. Na chochote unachoandika kwenye simu, jina la mteja au miadi, kinapanda hewani na kushukia kwenye kompyuta za ofisi bila wewe kuinua kidole.

"Hutapoteza kitu tena maishani mwako," muuza simu aliniambia.

Sikumuuliza kama ninaruhusiwa kuchagua vya kupoteza.

Mwisho wa Agosti, kabla mchezo haujaanza, nilipeleka risiti ghorofani kwa Yolima, nikidhani kiwanda kitanirudishia. Aliishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi ya mtu.

"Hii ni nini, don Libardo?"

"Huduma ya barua pepe, doña Yolima. Zinaingia zenyewe."

"Kabla ya hapo zilikuwa zinaingiaje?"

"Ilibidi uzifungue."

"Kwa hiyo unalipa ili usifungue."

"Nalipia haraka."

"Haraka ya nini? Unauza viatu. Kuna mwanamke amesimama peku barabarani anakungoja wewe?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mimi nafungua barua zangu mara moja kwa siku," akasema. "Saa kumi jioni, nikishafunga hesabu. Naanza na ya zamani kuliko zote, namalizia na mpya. Kila mtu na zamu yake. Hajafa mtu."

Akanirudishia risiti yangu. Nikashuka ngazi sina hela na nimempenda zaidi. Ndivyo nilivyoumbwa.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu ulipoanzia. Vifurushi vilikuwa viwili. Kile kikubwa kilikuwa na kalenda mbili, moja ya kazi na moja ya mambo yako mwenyewe. Kidogo kilikuwa na moja tu, ya kazi, ambayo wenzako wote wanaiona. Mimi, masikio yakiwa bado yanawaka kwa maneno ya Yolima, nikaona aibu ya matumizi nikabaki na kidogo. Mambo yangu ya Yolima nikayaandika kwenye kalenda ya ndani ya simu, isiyopanda popote.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya kufichuana, simu iliniuliza swali. Iliuliza kama ningependa kuunganisha kalenda zangu.

Mimi ni mtu wa kukubali. Kitu kikiniuliza, nakiambia ndiyo. Nikabonyeza ndiyo, nikaingia kwenye kikao.

Tulikuwa ofisini kwa doña Stella, chini, mimi na Fredy na bwana wa stoo. Nilikuwa nimeshika kiatu chekundu cha Desemba, naeleza kisigino chake. Simu ya doña Stella ikalia. Ya Fredy ikalia. Ya bwana wa stoo ikalia. Yangu ikalia mwisho, kama kawaida yangu.

Doña Stella akavaa miwani.

"'Jumatano,'" akasoma. "'Bocadillo ya mapera na jibini, mezani kwa Yolima akienda benki.'"

Simu zikalia tena.

"'Ijumaa. Sisimizi wa kukaanga kwa Yolima. Wale wenye makalio makubwa, si wale wa mwaka jana.'"

"Wa mwaka jana walikuwa wakavu," akasema bwana wa stoo, maana kwetu sisimizi hao ni kitafunwa cha sifa.

Zikalia tena. Doña Stella alisoma hii moyoni kwanza, akanitazama juu ya miwani, ndipo akaisoma kwa sauti.

"'Jumamosi. Nimwambie Yolima kwamba nampenda. Nisinywe kabla.'"

Na tena, ya nne.

"'Jumamosi. Akikataa, niseme ulikuwa utani wa rafiki wa siri.'"

Nilibaki nimekiinua kile kiatu hewani.

"Don Libardo," doña Stella akasema, "kisigino hicho kina urefu gani?"

"Sikumbuki, doña Stella."

"Nilidhani hivyo."

Fredy alikuwa ameinamia meza, mabega yanacheza. "Nisinywe kabla," akasema. "Kaka, humo ndani hilo tu ndilo la mtu mwenye akili."

"Zimeenda kwa nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kwa kila mwenye anwani ya kiwanda, kila moja ni barua ya mwaliko," akasema Fredy. "Ndiyo raha ya huduma hii. Unaandika mara moja, tunafaidi wote."

"Na Yolima?"

"Ziko kwenye kompyuta yake, juu. Zinasubiri zamu yao."

Doña Stella akavua miwani. "Mchezo una sheria. Hakuna atakayemwambia Yolima lolote. Atakayefungua mdomo, keki ya kesho ni juu yake."

Sheria ilifuatwa. Yolima hakuambiwa. Lakini washonaji wa chini, wote wanawake, ambao hawana simu za namna ile, walijua kabla sijafika mlangoni, kwa njia yao isiyolipiwa. Nilipopita kati ya cherehani, mmoja alianza kuimba bolero ya mapenzi kwa pua na wengine wakamfuata. Mwingine aliniuliza kama kweli sitakunywa kabla.

Niwaambie kilichonichoma. Si kwamba Yolima angejua nampenda. Ningekufa kwa aibu, ndiyo, lakini nimeshakufa kwa aibu mara nyingi katika hadithi hii, na mnaona bado nala chakula. Kilichonichoma ni ile barua ya nne.

Siku moja wakati wa chakula Yolima alitusimulia kidogo habari za marehemu mumewe. Alisema alikuwa mtu wa utani. Akimuumiza, alikuwa anatania. Akishikwa na uongo, alikuwa anatania. "Niliishi na mtu nisijue hata mara moja alichomaanisha," alisema, akakunja kitambaa chake cha kufutia mikono, na hakulizungumza tena. Na mimi, niliyekuwa nimekaa naye meza moja siku ile, nikaenda kuandika mpango wenye mlango wa nyuma kama wa marehemu. Akiisoma ile ya nne, nimekwisha. Nilikuwa na muda mpaka saa kumi.

Mchana watu walikwenda kula kwao. Nilingoja kiwanda kinyamaze, nikapanda ghorofani na kifuko changu cha sisimizi mfukoni. Mpango: niweke sisimizi mezani, niwashe kompyuta yake, nizifute zile barua, nishuke. Mtoto angeweza.

Kompyuta alikuwa ameizima. Yolima huzima kila kitu, hata taa ya chooni ukiwa ndani. Niliiwasha, ikaanza kukohoa na kuzunguka kama mzee anayetafuta kandambili. Mwishowe ikataka neno la siri. Nikaandika jina lake. Ikakataa. Nikaandika jina la kiwanda. Ikakataa. Nikaandika, Mungu anisamehe, jina langu.

Ikakataa.

Hapo simu yangu ikalia, kwa ile sauti ya tarumbeta niliyoichagua mwenyewe dukani nikaiona nzuri.

"Nani yuko huko?" ikatoka sauti ya Yolima, chumba cha pili. Hakuwa ameenda kwao. Alikuwa anakula peke yake kati ya maboksi, na bakuli lake la chakula.

Alitokea mlangoni na kijiko mkononi. Alinikuta nimepiga magoti mbele ya kompyuta yake.

"Don Libardo. Unatafuta nini?"

"Stepla."

"Chini ya kibodi?"

"Nilikuwa natafuta kila mahali."

Akaitazama kompyuta iliyowashwa. Akanitazama. Akakitazama kifuko cha karatasi mezani pake, chenye harufu ya sisimizi wa kukaanga isiyoweza kusingiziwa kitu kingine.

"Na hicho nacho?"

"Nimekikuta hapo," nikasema. "Rafiki yako wa siri atakuwa amepita."

"Amepita lini?"

"Sasa hivi. Nimempisha ngazini."

Nilishuka kabla hajauliza alikuwa amevaa nini.

Tarumbeta ile, mtataka kujua, ilikuwa ya mteja wa Cúcuta. Aliagiza shehena nzima ya viatu vya Desemba, kwa sharti nijibu mara moja. Nilijibu nikiwa ngazini, na oda ikawa yetu. Doña Stella aliporudi na kuisoma alinipiga bega.

"Umeona? Inalipa. Unatoa kidogo kila mwezi, inakurudishia kiwanda kizima."

"Naona, doña Stella."

"Uso huo wa msiba wa nini basi?"

Nikaenda kukaa kwenye marobota ya ngozi. Fredy akaja na soda mbili, akanipa moja. Sikumdhania wema, na sikukosea.

"Kaka, kwani hiyo huduma unailipia ya nini?"

"Usinitanie leo."

"Najibu mwenyewe. Unailipia ili ukiandika hapa, kote kuandikwe. Sasa ukifuta hapa?"

Nilimtazama.

"Kote kunafutwa," akasema. "Juu, chini, kwa Yolima, kote. Hata neno la siri halihitajiki. Umehangaika na ile kompyuta bure."

Wasomaji wangu, ilikuwa na mantiki. Mpaka leo nikiifikiria ina mantiki. Nikafungua kalenda. Nilitaka kuanza na ile ya utani, lakini siku ya kesho ilikuwa inaonyesha ya mapenzi kwanza, juu yake, na kidole changu kina haraka ya kulipiwa. Nikaibonyeza. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Mnajua nilivyojibu.

Soda ilikuwa haijanifika tumboni. Simu ya Fredy ikalia. Ya bwana wa stoo ikalia kule stoo. Kutoka ofisini kwa doña Stella kikasikika kicheko, kisha kiti kikivutwa.

Fredy akaisoma yake, akakaa chini kabisa, sakafuni.

"Nini?" nikasema. "Imefutwa?"

"Imefutwa, kaka. Na imetoa taarifa." Akanigeuzia kioo chake. "'Libardo Gualdrón amefuta: Nimwambie Yolima kwamba nampenda.'"

"Na zile za asubuhi?"

"Zile zilishaingia kwa watu. Zilizoingia hazirudi. Sasa ana nne, na hii ya tano."

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilihisi," akasema, na akanywa soda yake.

Ile ya utani niliiacha pale pale ilipokuwa. Niliogopa kuigusa. Niliona kila ninachogusa kinapiga kelele mji mzima, basi nikaizima simu ile, nikaiweka kwenye boksi la viatu, nikafunga kifuniko. Baada ya muda nikaitoa nikaiwasha tena, isije ikawa Cúcuta.

Saa kumi ilifika. Washonaji walipunguza cherehani zao. Niliwasikia wakipunguza. Muda ukapita, mrefu wa kutosha kwa mtu kusoma barua tano pole pole, kwa zamu. Kisha simu ya mezani ikalia.

"Don Libardo," sauti ya Yolima ikasema. "Panda."

Nilipanda. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, mgongo umenyooka, anakula sisimizi mmoja mmoja, anawakata kichwa kwa meno ya mbele kama watu wa kwetu wanavyojua. Kompyuta ilikuwa wazi.

"Kaa."

"Nitasimama tu, doña Yolima."

"Sisimizi ni wazuri."

"Nimefurahi. Yaani, atafurahi, rafiki yako wa siri."

Aliacha hilo lipite. Alifuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Unajua ninavyofunga vitabu," akasema. "Kilichofutwa nakikata. Kisichofutwa nakiandika."

"Najua."

"Nimetazama kalenda ya kiwanda. Kesho Jumamosi. La kunipenda limefutwa. La utani limebaki." Sauti yake haikupanda. Mikono yake tu ndiyo iliyokuwa haijui pa kukaa, na hilo sikuwahi kuliona kwake. "Mimi mambo ya utani niliyamaliza zamani, don Libardo. Sitaki kubahatisha tena. Nakuuliza wewe, si kalenda. Niandike lipi?"

Wasomaji wangu, nilikuwa nalo jibu. Naapa. Lilikuwa limeshapanda mpaka kooni, lote, bila mlango wa nyuma. Niliona uso wake ukiningoja, na haukuwa uso wa mtu anayetaka kukataa. Nilifungua mdomo.

Tarumbeta ikalia mfukoni.

Mtu mwenye akili angeiacha ilie. Mkono wangu ulienda wenyewe, kama ulivyofundishwa. Nikaitoa simu, na nikaitazama. Haikuwa hata pumzi moja nzima. Niliona tu kuna barua, nikainua macho.

Yolima alikuwa ameshasimama. Alikunja mdomo wa kile kifuko, akakitia kwenye mkoba wake, akazima kompyuta.

"Ijibu hiyo kwanza," akasema. "Nasikia za haraka hazingoji."

"Doña Yolima, si hivyo."

"Kesho njoo mapema. Keki ni ya kukata wenyewe."

Akanipita. Alinukia sabuni na wino. Nikasikia visigino vyake vinaanza kushuka ngazi, bila haraka, kila kidato na zamu yake.

Ndipo nikaisoma ile barua. Haikuwa ya Cúcuta.

Ilikuwa ya kutoka meza ile ile niliyokuwa nimesimama mbele yake. Yolima huanza na za zamani. Alifika ya tatu kabla ya ya nne, kabla ya ya tano, na alipofika ya tatu kulikuwa na mahali pa kubonyeza ukikubali mwaliko, na alibonyeza. Kisha mitambo ninayoilipia iniletee kila kitu hapo hapo ikakaa na jibu lake huko hewani, mpaka aliponiita, mpaka alipouliza, mpaka nilipofungua mdomo.

"Yolima Carreño amekubali mwaliko. Jumamosi: Nimwambie Yolima kwamba nampenda."

Nilikimbilia juu ya ngazi. Visigino vilikuwa vimeshafika kwenye kona, ukutani hakionekani kitu ila kivuli cha mkoba. Chini cherehani zote zilikuwa kimya.

"Yolima," nikaita. Bila doña. Sijawahi kumwita hivyo, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Visigino vikasimama. Nikangoja, simu mkononi, kiwanda kizima kikisikiliza. Havikuendelea kushuka. Na havikupanda.